Arthur Ashe: Mcheza Kwao Aliyenyimwa Uwanja

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Maana ya maneno haya yajulikana na kila mtoto wa pwani aliyewahi kusimama kando ya ngoma: mtu akicheza mbele ya watu wake, hao ndio wa kwanza kumtuza. Lakini je, itakuwaje kwa mtu ambaye kwao ndiko alikonyimwa hata uwanja wa kuchezea? Atatuzwa na nani, na atatuzwa lini?

Swali hili lilinijia nikiwa katika mji mdogo wa Ngao, kando ya Mto Tana, upande wa chini ya Garsen. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua limeanza kupoa, nami nimeketi chini ya mwembe pamoja na mzee mmoja wa Kipokomo. Mbele yetu vijana wanne walikuwa wamefunga kipande cha wavu wa kuvulia samaki baina ya miti miwili. Mistari ya uwanja wameichora kwa majivu, na kila mmoja ameshika kibao kilichochongwa mfano wa kafi. Walikuwa wakipigiana mpira wa tenisi uliochakaa hata ukawa na kipara. Mzee alinieleza kwamba ule ni mchezo wa Wazungu na wa matajiri wa mijini. Vijana wale wanajisumbua bure, kwani hata wakiujua hawana pa kuuchezea.

Nilitabasamu, si kwa kumdharau, bali kwa sababu ya jina la mji wenyewe. Ngao ni kitu cha kujikingia vitani, na vile vibao mikononi mwa vijana vilifanana sana na ngao ndogo. Ndipo nilipomsimulia mzee habari za marehemu Arthur Ashe, mtu ambaye raketi ya tenisi ndiyo iliyokuwa ngao yake. Habari hiyo ndiyo niwaleteayo leo, wasomaji wapenzi.

MTOTO WA MTUNZA BUSTANI

Wengi wetu twamjua Muhammad Ali. Alipofika Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1980 watu walijaa njiani kumtazama. Arthur Ashe alikuwa wa zama zile zile, mdogo wa Ali kwa mwaka mmoja tu, lakini hakuwa mtu wa majigambo. Alikuwa mwembamba, mpole, mvaa miwani, msema kwa sauti ya chini. Labda ndiyo sababu jina lake halikuvuma sana katika baraza zetu.

Alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 huko Richmond, makao makuu ya jimbo la Virginia, Marekani. Richmond si mji wa kawaida katika historia ya watu weusi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya majimbo ya kusini, yaliyopigana ili utumwa usikomeshwe. Majimbo hayo yalishindwa na watumwa wakaachwa huru. Hata hivyo, wakubwa wa mji waliwajengea majemadari wao walioshindwa sanamu kubwa kubwa katika barabara nzuri ya mji, wengine wakawapandisha juu ya farasi wa shaba, ili kila mpita njia awatazame. Arthur alikulia katika kivuli cha sanamu hizo.

Sheria za Virginia wakati huo ziliwatenga weusi na weupe shuleni, katika mabasi, hotelini na viwanjani. Baba yake, aliyeitwa pia Arthur, alikuwa mtu wa kazi za mikono, mkali na mwaminifu. Mwaka 1947 alipewa kazi ya kutunza bustani ya Brook Field, bustani kubwa kupita zote walizoruhusiwa watu weusi mjini humo. Ilikuwa na ukubwa wa ekari 18, na ndani yake mlikuwa na bwawa la kuogelea, viwanja vya besiboli, na viwanja vinne vya tenisi. Mtunzaji alipewa nyumba humo humo bustanini. Basi kwa bahati ya kazi ya baba, mtoto huyu mweusi aliamka kila siku na uwanja wa tenisi uko hatua chache kutoka mlangoni kwao.

Furaha hiyo haikukaa bila msiba. Mwaka 1950 mama yake, Mattie, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 27 tu. Arthur alikuwa na miaka sita, na mdogo wake Johnnie bado mchanga. Maisha yake yote alibaki na sura moja ya mama moyoni: mama amesimama, amevaa joho la nyumbani la buluu, akimtazama mwanawe. Baba aliwalea wanawe kwa nidhamu. Alipima muda wa kutembea kutoka shule hadi nyumbani, na ole wake mtoto atakayechelewa. Alikwisha kuyaona madhila yanayowapata watoto weusi wanaozurura ovyo katika mji kama ule.

Alipokuwa na miaka saba hivi, Arthur alipenda kukaa kando ya uwanja akimtazama kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, Ron Charity, aliyekuwa fundi wa tenisi miongoni mwa weusi wa Richmond. Charity alimwona mtoto yule mwembamba mwenye macho ya hamu, akamwuliza kama angependa kujifunza. Siku hiyo ndipo safari ilipoanza.

BYRD PARK

Katika mji ule ule kulikuwa na bustani nyingine, Byrd Park, yenye viwanja vizuri vya tenisi. Viwanja hivyo vilikuwa mali ya mji, na vilitunzwa kwa kodi ya kila mwenyeji, mweusi kwa mweupe. Charity alimchukua mwanafunzi wake hadi huko kuandikisha jina lake katika mashindano ya watoto. Wakarudishwa. Hawakurudishwa kwa kuwa mtoto hakujua mchezo, wala kwa kuwa amechelewa au amekosa ada. Walirudishwa kwa sababu ya ngozi.

Wazee wetu watalielewa jambo hili bila ya kufafanuliwa. Zama za ukoloni, Mombasa na Nairobi zilikuwa na vilabu vya Wazungu vyenye nyasi zilizofyekwa na viwanja vya tenisi vilivyopigwa chokaa. Mwafrika aliingia humo kuokota mipira, kumwagia nyasi maji na kubeba sinia la vinywaji. Hakuingia kucheza. Wahindi walijenga vilabu vyao, Wagoa vyao, na kila kabila la watu likakaa nyuma ya ua wake. Mchezo ambao wenyewe waliusifu kuwa wa kiungwana uligeuzwa kuwa kitasa cha mlango.

CHUO CHA DAKTARI JOHNSON

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeamua kukifungua kitasa hicho kwa ufunguo wa namna yake. Naye ni Daktari Robert Walter Johnson wa Lynchburg, mji mwingine wa Virginia. Alikuwa tabibu mweusi aliyejenga uwanja wa tenisi nyumbani kwake. Kila msimu wa joto aliwakusanya watoto weusi hodari, akawalisha na kuwafunza. Mwanafunzi wake mmoja, Althea Gibson, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa Wimbledon, Uingereza, mwaka 1957, na mwaka uliofuata akautwaa tena.

Charity alimpeleka Arthur kwa Daktari Johnson mwaka 1953, mtoto ana miaka kumi. Alirudi huko kila mwaka hadi 1960. Watoto walipiga mpira kwa mpini wa ufagio kwanza, ili jicho lijifunze shabaha kabla ya kupewa raketi. Lakini somo lililotangulia yote lilikuwa adabu. Ilikuwa marufuku kutupa raketi, kununa, au kubishana na mwamuzi. Mpira wa mpinzani ukianguka nje kidogo tu ya mstari, mtoto aliamriwa auhesabu kuwa umeingia. Daktari alijua kwamba wanafunzi wake watakapokaribishwa mara ya kwanza katika mashindano ya weupe, kosa dogo la mmoja wao litakuwa kisingizio cha kuwafukuza wote.

Nisomapo habari hizi hukumbuka chuoni kwetu, sisi watoto tumeketi juu ya mkeka, mwalimu ana henzirani mkononi. Alifu kwa kijiti ilikuja baadaye. Kwanza tulifunzwa namna ya kuketi, kuamkia, na kumsikiliza aliye mkubwa. Hata hivyo, pana uchungu katika kisa cha Lynchburg ambao chuoni kwetu haukuwako. Huko, aliyedhulumiwa ndiye aliyefunzwa adabu, na aliyedhulumu hakuulizwa adabu yake iko wapi. Arthur aliubeba mzigo huo bila ya kuutua. Wapinzani wake walizoea kumwona uso wake hauna dalili ya hasira wala ya hofu. Wengi walidhani ni ubaridi wa moyo. Kumbe ilikuwa ngao.

KUHAMA MJI KWA KUTAFUTA UWANJA

Kijana alipokua, viwanja vya Brook Field havikumtosha tena. Virginia ina majira ya baridi, na mwenye nia ya kuwa bingwa hana budi kupata uwanja wa ndani ya jengo wa kuchezea baridi ikiingia. Richmond ilikuwa na viwanja hivyo, lakini milango yake ilifungwa kwa weusi. Weupe wa rika lake walicheza mwaka mzima. Yeye aliweka raketi kabatini miezi kadhaa.

Mwaka 1960, akiwa na miaka 17 na amebakiwa na mwaka mmoja wa shule, aliyaacha yote aliyoyajua akahamia St. Louis, mji ulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwao. Alikaa nyumbani kwa mwalimu mmoja mweusi, Richard Hudlin, rafiki wa Daktari Johnson. Huko alipata uwanja wa ndani wenye sakafu ya mbao, ambapo mpira hukimbia kama mshale, na mkono wake ukajifunza wepesi. Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa bingwa wa taifa wa vijana katika mashindano ya viwanja vya ndani, mweusi wa kwanza kulipata taji hilo.

Tulitafakari jambo hili kidogo. Watu huhama kwao kwa njaa, kwa vita, kwa mafuriko. Watu wa Mto Tana wanalijua hilo vizuri. Kijana huyu alihama kwa sababu mji wake haukutaka kumpa sehemu ya sakafu ya kusimama na raketi.

Mwaka 1961 Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles kilimpa ufadhili wa masomo. Hata huko mbali na kusini, klabu moja iliwaalika wachezaji wenzake wote kwenye mashindano, yeye ikamwacha. Alinyamaza, akaendelea. Mwaka 1963 aliteuliwa kuichezea Marekani katika Kombe la Davis, mweusi wa kwanza. Mwaka 1965 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu vya nchi nzima. Mwaka 1966 alihitimu masomo ya biashara, kisha akaingia jeshini na kupata cheo cha luteni.

FOREST HILLS

Mwaka 1968 mashindano makuu ya Marekani yalifunguliwa kwa mara ya kwanza kwa wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa pamoja. Yalichezwa katika klabu ya Forest Hills, New York. Klabu hiyo ina kisa kinachotuhusu. Mwaka 1959 ilikataa kumwandikisha kijana wa Ralph Bunche kwa sababu ya rangi yake. Huyu Bunche ndiye mtu mweusi wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwaka 1950, na alikuwa mkubwa katika Umoja wa Mataifa. Kabla ya hapo alikuwa amejifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta huko London, na mwaka 1938 alifika Kenya kwa utafiti wake. Mtu aliyepatanisha mataifa hakuonekana kuwa afaa kuketi kando ya uwanja wa tenisi! Makelele yalipozidi, rais wa klabu alijiuzulu na mlango ukafunguliwa, lakini Bunche mwenyewe alikataa kuingia.

Miaka tisa baadaye, Luteni Ashe aliingia katika klabu ile ile akatoka bingwa. Alimshinda Tom Okker wa Uholanzi katika fainali ya seti tano. Kwa kuwa alikuwa mchezaji wa ridhaa, zawadi ya dola 14,000 ilikwenda kwa Okker aliyeshindwa. Bingwa alipokea posho ya dola 20 kwa siku. Baba yake, yule mtunza bustani, alishuka uwanjani akamkumbatia mwanawe, machozi yakimtoka.

Mwaka uliofuata, 1969, Ashe na wenzake Charlie Pasarell na Sheridan Snyder walianzisha ligi ya kuwafunza tenisi watoto wa mijini ambao wazazi wao hawana fedha za vilabu. Walikwenda katika bustani za umma na mitaa ya maskini. Aliyetafutiwa uwanja kwa taabu akawa mtafutia wengine.

AFRIKA YAMPOKEA

Mwaka 1970 Ashe alizuru nchi kadhaa za Afrika pamoja na Stan Smith, bingwa mwenzake mweupe. Kenya na Tanzania zilikuwa miongoni mwake. Mwaka 1971 alirudi barani, na huko Yaounde, Cameroon, akakutana na mtoto wa miaka 11 aliyempigia mipira iliyomshangaza. Alimpa raketi yake, kisha akawapelekea habari wakubwa wa tenisi wa Ufaransa. Mtoto huyo alikuwa Yannick Noah, ambaye mwaka 1983 alitwaa ubingwa wa Ufaransa. Mara nyingi twasikia kwamba vipaji vimejaa kwetu. Ni kweli vimejaa. Kinachopungua ni mtu wa kusimama, kutazama, na kwenda kusema mahali panapostahili.

Nchi iliyomkatalia ni Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1969 aliomba viza, na serikali ya makaburu ikamnyima. Hakuacha kupiga kelele, na mwaka 1970 Afrika Kusini ilitolewa katika Kombe la Davis. Hatimaye mwaka 1973 aliruhusiwa. Masharti yake yalikuwa kwamba aende apendapo, aseme apendalo, na watazamaji wasitengwe kwa rangi. Sharti hilo la mwisho halikutimizwa kwa ukamilifu. Huko Johannesburg alishindwa na Jimmy Connors katika fainali, lakini pamoja na Okker alitwaa ubingwa wa wachezaji wawili wawili, na jina la mtu mweusi likaandikwa katika orodha ya mabingwa wa nchi ile kwa mara ya kwanza.

Katika safari hiyo kijana mmoja mweusi alimfuata kila aendako. Alipoulizwa sababu, alijibu kuwa hajapata kumwona kwa macho yake mtu mweusi aliye huru kweli kweli. Mshairi Don Mattera, ambaye baadaye aliingia katika Uislamu, alimtungia shairi akampa. Muda si mrefu serikali ilimpiga marufuku mshairi huyo. Sisi watunzi wa mashairi tunapaswa kulikumbuka hilo tulalamikapo kwamba hatusomwi.

Si wote waliomsifu. Wapigania uhuru wengi waliona kwamba kucheza Johannesburg ni kuwapa makaburu pambo la kujipambia. Nyumbani kwake pia, vijana wakali walimwita mlaini. Mwaka 1968 Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi huko Mexico, yeye alikuwa na magwanda ya jeshi. Mwandishi wa makala haya haoni haja ya kumtetea kwa kila jambo. Lakini uungwana ni vitendo, na kitendo kimojawapo cha uungwana ni kukubali kuwa hoja ya mwenzio ina uzito. Ashe alisaidia kuanzisha kituo cha tenisi Soweto, kisha akaona kwa macho yake kwamba mazungumzo peke yake hayatoshi, akageuka kuwa mtetezi wa vikwazo. Mwaka 1983 aliungana na mwimbaji Harry Belafonte kuwahimiza wasanii na wanamichezo wasiende huko, na mwaka 1985 alitiwa mbaroni akiandamana mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington.

WIMBLEDON 1975

Tarehe 5 Julai 1975 ndiyo siku yake kubwa. Alikuwa karibu kutimiza miaka 32, umri ambao mchezaji wa tenisi huhesabiwa mzee. Mpinzani wake katika fainali ya Wimbledon alikuwa yule yule Connors, kijana wa miaka 22, bingwa mtetezi, mpigaji wa mipira ya moto, ambaye siku hizo alikuwa amemshtaki Ashe mahakamani akidai mamilioni ya dola. Hakuna aliyempa Ashe nafasi.

Ashe alifanya kama alivyofanya Muhammad Ali mwaka uliotangulia huko Kinshasa: aliacha nguvu akashika akili. Alijua kwamba Connors huupenda mpira unaokuja kwa kasi, kwani huirudisha kasi ile ile na kuizidisha. Basi akampa mipira ya polepole, ya chini, ya kupinda, hata kijana akawa kama mtu apigaye ngumi maji. Wakati wa mapumziko aliketi amefumba macho. Seti mbili za kwanza zilikwisha 6-1, 6-1. Connors akaichukua ya tatu 7-5, lakini ya nne Ashe akaimaliza 6-4. Akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon, na hata ilipotimia miaka hamsini, mwaka 2025, hakuwa amepatikana wa pili.

MARADHI NA SIRI

Mwaka 1979 alipatwa na maradhi ya moyo, akapasuliwa kifua. Mwaka 1980 aliacha kucheza. Mwaka 1983 alipasuliwa tena, akaongezewa damu. Siku hizo damu ya hospitali ilikuwa haijaanza kupimwa virusi vya UKIMWI. Mwaka 1988 mkono wake wa kulia ulipooza, na katika kuchunguzwa ndipo alipoambiwa kwamba ameambukizwa.

Yeye na mkewe Jeanne, mpiga picha hodari, waliiweka siri hiyo kwa ajili ya binti yao mdogo. Mwaka huo huo wa 1988 alichapisha historia ya wanamichezo weusi wa Marekani katika majuzuu matatu, kazi iliyomchukua miaka na fedha zake mwenyewe nyingi. Alikuwa amekwenda maktaba kutafuta kitabu cha namna hiyo, akakikosa. Akaona kisipokuwako, basi yeye ndiye wa kukiandika.

Aprili 1992 gazeti moja lilipopata tetesi za ugonjwa wake, aliona afadhali atoke mwenyewe mbele ya watu. Ilikuwa zama za aibu na minong'ono, kama ilivyokuwa kwetu pwani, ambako mgonjwa alifichwa chumba cha ndani na maziko yakafanywa kwa haraka. Ashe hakujificha tena. Alianzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo, akazunguka akifundisha. Alipata kueleza kwamba maradhi yale hayakuwa mzigo mzito kupita yote aliyobeba. Mzigo wa rangi ulikuwa mzito zaidi, kwa kuwa huo alizaliwa nao mgongoni na hakuna dawa ya kuutibu. Septemba 1992 alitiwa mbaroni tena, mgonjwa hivyo hivyo, akiwatetea wakimbizi wa Haiti. Tarehe 6 Februari 1993 alifariki dunia mjini New York. Alikuwa na miaka 49.

KWAO WALIPOMTUZA

Jeneza lake lilirudishwa Richmond, likawekwa katika nyumba ya gavana wa Virginia, ambaye wakati huo alikuwa mtu mweusi, Douglas Wilder. Maelfu ya watu walipanga foleni usiku kumwaga. Mara ya mwisho heshima hiyo kutolewa katika nyumba ile ilikuwa mwaka 1863, kwa jemadari mmoja wa wapigania utumwa. Alizikwa kando ya mama yake.

Tarehe 10 Julai 1996 sanamu yake ilisimamishwa katika barabara ile ile ya majemadari. Weupe wengine walinung'unika kwamba mcheza mpira hana nafasi miongoni mwa mashujaa wao. Weusi wengine walinung'unika kwamba mtu safi kama yule hakustahili majirani wale. Katika sanamu hiyo amezungukwa na watoto, mkono mmoja una raketi, mwingine una vitabu, na vitabu vimeinuliwa juu zaidi. Majemadari walianza kuteremshwa mwaka 2020, na wa mwisho katika barabara hiyo aliteremshwa Septemba 2021. Mcheza mpira amebaki.

Bustani ya Brook Field haipo tena. Mahali pake pamejengwa posta. Lakini mwaka 2019 mji wa Richmond uliipa jina la Arthur Ashe barabara moja kubwa, na barabara hiyo huelekea moja kwa moja hadi Byrd Park, kwenye viwanja alikorudishwa utotoni. Na huko New York, uwanja mkubwa kupita viwanja vyote vya tenisi duniani, uliofunguliwa mwaka 1997, unaitwa kwa jina lake. Humo mwaka 2022 alicheza nusu fainali Frances Tiafoe, mwana wa wahamiaji wa Sierra Leone, ambaye baba yake alikuwa mtunzaji wa kituo cha tenisi na mtoto akilala humo humo. Kisa cha Brook Field kimejirudia. Mwaka huo huo msichana wetu Angella Okutoyi, aliyelelewa na nyanya yake Nairobi, alitwaa pamoja na mwenzake wa Uholanzi ubingwa wa wasichana wawili wawili huko Wimbledon.

Hapo ndipo nilipofikia katika kumsimulia mzee wa Ngao. Alikuwa amenyamaza muda mrefu. Nilitarajia aniulize habari za fedha au za sanamu. Aliniuliza kama yule baba mtunza bustani alijaliwa kuiona barabara yenye jina la mwanawe. Nilimjibu kuwa hakujaliwa. Aliona ushindi wa 1968 na wa 1975, kisha akafariki mwaka 1989. Tuzo ya kwao ilikuja, lakini ilikuja kwa kuchelewa, na aliyestahili kuipokea pamoja na mwanawe hakuwepo.

Mzee aliguna. Katika miji yetu ya pwani viwanja vya watoto hugeuka maduka na maghala, kipande kwa kipande, na mkubwa mmoja asiseme neno. Ubaguzi wa rangi ulikuwa na sheria yake iliyoandikwa. Huu wetu wa sasa hauna hata karatasi, lakini mtoto anayerudishwa mlangoni haoni tofauti. Siku moja tutawajengea vijana wetu sanamu, na baba zao watakuwa wamekwisha kwenda.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Wavu wa vijana ulikuwa umelegea katikati, nao wakibishana kama mpira umepita juu au chini. Mzee aliinuka taratibu, akaushika mkongojo wake, akaenda hadi kwenye mwembe. Alifungua fundo la wavu, akalikaza kwa fundo la wavuvi ambalo halifunguki ovyo, kisha akaja kuketi tena, akawaashiria waendelee.